Kuhifadhi magazeti ya ajali ya MV Bukoba: mwongozo kwa maktaba ndogo

Jumanne, Mei 21, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo. Nafasi yake ilikuwa ya abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza.

Jambo moja linaifanya kazi hii isifanane na kuhifadhi magazeti mengine ya zamani. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kuna mtu aliyepanda Kemondo na mkungu wa ndizi, jina lake halimo katika karatasi yoyote ya meli, na mwili wake haukuonekana. Mahali pekee alipoandikwa kwa wino huenda ni tangazo la familia kwenye kona ya ukurasa wa ndani, picha ndogo ya pasipoti na mistari minne chini yake. Kwa hiyo anayehifadhi magazeti haya asijione kuwa anahifadhi habari tu. Ameshika ushahidi kwamba watu fulani walikuwepo. Mwongozo huu umeandikwa kwa maktaba ya mkoa, ya wilaya au ya chuo, yenye watumishi wachache na fedha kidogo.

Hatua ya kwanza: kusanya matoleo mazima

Tabia ya maktaba zetu nyingi ni kukata habari husika, kuibandika kwenye karatasi na kuifungia kwenye faili. Kwa msiba huu, acha kabisa mikato. Anayekata huchukua ukurasa wa mbele na taarifa ya serikali, akatupa ukurasa wa matangazo. Lakini rambirambi za mashirika, shukrani za familia na matangazo ya "anatafutwa" yalichapishwa huko huko nyuma. Kama maktaba imerithi mikato ya zamani, itunze, ila iandike kama mikato na uendelee kutafuta toleo zima.

Anza na matoleo ya Mei 22, 1996, kisha usikomee kwenye wiki ya msiba. Endelea hadi kazi ya tume ya uchunguzi na kesi waliyofunguliwa maofisa wa Shirika la Reli Tanzania, shirika lililokuwa likiendesha meli hiyo, akiwamo nahodha. Kisha chukua matoleo ya Mei 21 na siku za jirani kwa kila mwaka uliofuata. Humo mna matangazo ya kumbukumbu: "Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka ghafla…" Kwa maoni yangu hayo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu familia zenyewe ndizo zinazosema: nani alikuwa mtoto wa nani, wa kijiji gani, aliacha wangapi. Hakuna mwandishi wa habari aliyekwenda kuyakusanya hayo.

Tafuta Uhuru na Mzalendo, Daily News na Sunday News, Majira, Nipashe, Mtanzania, The Guardian. Usisahau majirani: ziwa ni la nchi tatu, na magazeti ya Nairobi na Kampala yaliandika pia.

Usijaribu kuamua leo kipi ni muhimu na kipi si muhimu. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wa juu wa al-Qaeda. Baada ya milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, kifo chake ziwani kikawa jambo la kufuatiliwa na wachunguzi na wanahistoria. Msomaji wa 1996 asingeweza kujua kwamba orodha ya majina ingekuja kusomwa kwa macho hayo.

Hatua ya pili: orodhesha kila toleo

Fungua jedwali kwenye kompyuta, au daftari kama umeme unasumbua. Kila toleo lipate mstari wake: jina la gazeti, namba ya toleo, tarehe iliyochapishwa, idadi ya kurasa, kurasa zinazokosekana, hali ya karatasi, na lilikotoka. Hali ya karatasi igawe katika ngazi tatu tu: nzima, dhaifu, inayovunjika. Ukiweka ngazi saba kila mtumishi atazielewa kivyake.

Andika tarehe iliyo juu ya ukurasa, hata kama muhuri wa kupokelewa unaonyesha siku nyingine. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam halikufika mikoani siku ile ile. Muhuri nao uandike katika safu yake. Unaeleza ni lini watu wa mji wako walisoma habari hiyo.

Ukurasa ukikosekana, usikate tamaa mapema. Uliza Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo wachapishaji hutakiwa kuiwekea nakala. Uliza maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha Afrika Mashariki. Ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Nairobi imekuwa ikikusanya magazeti ya ukanda huu kwa miongo mingi na kuyaweka kwenye filamu ndogo (maikrofilamu). Halafu waulize wananchi. Kagera na Mwanza kuna masanduku ya bati yenye gazeti moja tu ndani, lililotunzwa kwa sababu ya jina moja. Mwenye sanduku asiombwe aliachie. Mpe hati ya mapokezi, lipige picha siku hiyo hiyo akiwepo, umrudishie gazeti lake pamoja na nakala iliyochapwa vizuri. Na akitaka kueleza habari za aliyefariki, msikilize hadi amalize, kisha uombe ruhusa ya kuyaandika.

Hatua ya tatu: okoa karatasi yenyewe

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha asidi, na asidi hukata nyuzi za karatasi. Ndiyo sababu gazeti la 1996 limekuwa la kahawia na kingo zake zinamomonyoka. Huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Unachoweza ni kupunguza kasi, kwa kuliweka mahali pa giza, pa baridi kiasi na pakavu.

Unyevu ndio adui mkuu wa miji ya kandokando ya ziwa. Hewa ya chumba ikifika unyevu wa asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu huota. Lenga kati ya asilimia 35 na 50, na kama huwezi kufika huko, angalau zuia upandaji na ushukaji wa ghafla. Nunua kipima unyevu kidogo, kiandike kila asubuhi. Wakati wa masika, feni inayozungusha hewa husaidia kuliko dirisha lililoachwa wazi, kwa kuwa dirisha huingiza unyevu wa nje. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara kuliko kutokuwa nacho, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku.

Rafu ya chini kabisa iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, na rafu zote zisiguse ukuta. Hapo maji ya mvua yakiingia hayafiki, na njia ya mchwa kwenye ukuta utaiona mapema.

Ukikuta wadudu ndani ya furushi, usipulize dawa ya kuulia mbu juu ya karatasi. Lifunge furushi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, liache limefungwa siku nzima ndipo ufungue. Ukiharakisha, umande utatanda kwenye karatasi baridi. Gazeti lenye kuvu litenge chumba kingine, likauke kwanza kwa hewa, kisha lifutwe vumbi la kuvu kwa brashi laini huku umevaa barakoa.

Mikono iwe imenawa na kukauka. Glovu za pamba hazifai kwa karatasi inayovunjika, kwani huwezi kuhisi ukingo na nyuzi hunasa kwenye machaniko. Toa pini na klipu za chuma taratibu, zikiwa zimepata kutu usizivute, zifungue miguu kwanza. Mkunjo wa katikati ufungue juu ya meza pana na ubao wa kadi chini yake, ukisogeza ukurasa kwa kadi hiyo badala ya vidole.

Mambo mawili yakatazwe kwa maandishi ukutani. Selotepu: gundi yake huzama, huacha doa la kahawia, na baada ya miaka plastiki hubanduka ikiondoka na herufi. Na leminesheni, ambayo ofisi zetu huipenda sana kwa vyeti. Joto na plastiki vikishaungana na karatasi yenye asidi, hakuna fundi atakayevitenganisha, na asidi inaendelea kula ndani humo. Machaniko yazibwe kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa. Usipokuwa na vitu hivyo, acha mchaniko ulivyo na uweke ukurasa ndani ya folda.

Hifadhi matoleo yakiwa yamelala, ndani ya folda na maboksi yasiyo na asidi. Boksi moja lisijazwe hadi kushindwa kuinuliwa na mtu mmoja. Bei ya maboksi hayo inajulikana, na si ndogo. Ikibidi uchague, anza na matoleo ya Mei na Juni 1996 na yale ya ngazi ya "inayovunjika". Mengine yafungwe kwa shuka nyeupe la pamba lililofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, yasubiri.

Hatua ya nne: piga picha

Gazeti la umbo dogo linatosha kwenye skana ya A3. Gazeti kubwa, au lililojalidiwa kitabu kizima, halifai kubanwa kwenye kioo cha skana. Tumia kamera iliyofungwa juu ya stendi ikitazama chini, na taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikiwa zimeinama nyuzi 45. Zima taa za dari na funga pazia.

Lenga nukta 400 kwa inchi. Ukurasa wa sentimita 29 kwa 40 ukijaza fremu ya kamera ya megapikseli 24 utakupa kama nukta 350, na hilo linakubalika. Chini ya 300 maandishi madogo ya matangazo huanza kuungana. Piga kwa rangi hata kama gazeti ni jeusi na jeupe, kwa sababu rangi ndiyo inayotenganisha wino na doa la maji.

Karatasi ya gazeti ni nyembamba na maandishi ya nyuma hupenya. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaopigwa: kivuli cha upande wa pili hufifia mara moja, na programu ya kusoma maandishi hupata nafuu kubwa. Picha ya kwanza ya kila toleo iwe na rula na kadi ya kulinganishia rangi pembeni.

Piga kila ukurasa, wenye michezo, wenye bei za mazao, uliochanika, uliobaki nusu. Faili mama, yaani picha ya awali, liwe la TIFF (aina ya faili la picha) lisilobanwa, na lisiguswe na mtu: lising'arishwe, lisinyooshwe, lisifutwe doa. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Ukurasa mmoja wa ukubwa huo kwa rangi na nukta 400 huchukua karibu megabaiti 86. Gazeti la kurasa 16 ni kama gigabaiti 1.4, na matoleo mia moja ni gigabaiti 140 hivi. Nunua diski kwa hesabu hiyo ukizidisha mara tatu. Kompyuta iwe na betri ya akiba, umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, faili huharibika bila kukuambia.

Majina ya mafaili yafuate mtindo mmoja: gazeti, mwaka, mwezi, siku, ukurasa. Kwa mfano mzalendo_1996-05-26_uk01.tif. Yakipangwa na kompyuta yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Hatua ya tano: fanya maandishi yatafutike

Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, ni ya bure na inasoma Kiswahili. Ipe nakala iliyonyooshwa na kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, ikiwezekana safu moja moja, kwa sababu safu za gazeti zilizobanana huiponza ikasoma mstari wa safu hii ukaingia safu ya pili. Habari za kawaida itazisoma vizuri kiasi cha kutafutika.

Majina ya watu ndiyo yatakayoharibika, na hayo ndiyo yanayotafutwa. Msomaji hatakuja kutafuta neno "ajali". Atakuja kutafuta Rweyemamu, Mutashobya, Kokushubira, Masanja. Programu haina majina ya Kihaya katika kamusi yake, na itageuza "rw" kuwa "nv" bila wasiwasi. Kwa hiyo kurasa zenye orodha za majina, matangazo ya vifo na kumbukumbu lazima zichapwe upya kwa mkono, na mtu wa pili asome akilinganisha na picha. Afadhali mmoja wao awe anayezijua lugha za Kagera. Macho yake yatanasa kosa ambalo mwingine atalipita.

Wahariri wa wakati huo nao walikosea majina, na jina lile lile likaandikwa kwa namna tofauti katika magazeti tofauti. Chapa kama lilivyo gazetini, kisha katika faharasa weka pia umbo la kawaida, na maumbo yote yaelekezane. Usifute hata moja. Ndugu aliyekuwa akilitafuta jina la mama yake lililokosewa "l" na "r" alipate kwa njia zote mbili.

Hatua ya sita: andika maelezo bila kusahihisha historia

Kwa kila toleo andika kichwa cha habari kama kilivyochapishwa, mwandishi, mpiga picha kama ametajwa, lugha, na mada. Mada zitoke kwenye orodha moja mliyokubaliana: uokoaji, wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, tundu lililotobolewa kwenye meli iliyopinduka, maziko ya Igoma, tume, mahakama, rambirambi, kumbukumbu.

Idadi ya waliokufa itakusumbua. Siku moja gazeti linataja idadi hii, kesho nyingine, na hata leo wapo wanaotaja 894 na wapo wanaofika elfu moja. Usiweke namba moja ya "kweli" juu ya zote. Tengeneza sehemu ya "idadi iliyotajwa" na ujaze kile toleo hilo lilichosema. Tofauti hizo zinaonyesha nchi ilivyokuwa inahesabu watu ambao haikuwa imewaandika walipopanda, na mtafiti anazihitaji zilivyo.

Hatua ya saba: amua nani aone nini

Magazeti ya 1996 bado yana wenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kutengeneza nakala ya kuhifadhi ndani ya maktaba ni jambo moja, kuiweka kwenye intaneti ni jingine. Waandikie wachapishaji, eleza mradi ni wa kumbukumbu ya msiba wa taifa na hauuzwi, omba ruhusa kwa maandishi, na barua ya majibu iskaniwe nayo. Gazeti ambalo mchapishaji wake hajajibu lisomwe kwenye kompyuta ya maktaba tu. Kuhusu manusura wanaotajwa kwa majina na anwani, isome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla ya kuchapisha faharasa hadharani.

Kisha kuna picha za maiti. Zilichapishwa wakati ule, na faili mama lazima lizihifadhi zote. Lakini mtu anayetafuta jina la baba yake asikutane ghafla na mwili ufukweni. Nakala ya mtandaoni iwe na picha hizo zimefunikwa, pamoja na maelezo mafupi kuwa zinapatikana maktabani kwa maombi. Familia ikiomba picha fulani ya ndugu yao iondolewe mtandaoni, iondoeni kwanza, mjadala ufuate. Fomu ya ombi hilo iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na ipatikane pia kwa karatasi.

Hatua ya nane: tunza mafaili

Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine. Maktaba ya Mwanza na ya Bukoba zinaweza kubadilishana. Kila faili litengenezewe alama ya SHA-256, msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likibadilika, siku linapozaliwa. Mara moja kwa mwaka alama hizo zikaguliwe, na faili lililobadilika lirudishwe kutoka kwenye nakala nzima. Diski zibadilishwe kabla hazijafa. Baada ya miaka mitano hivi, hata kama bado inawaka, nunua nyingine. Mkaguzi wa mafaili aandikwe kwenye majukumu ya kazi ya cheo, ili akihamishwa anayemrithi aikute kazi hiyo ikimsubiri.

Chapisha faharasa ya majina kwenye karatasi, ijalidiwe, ikae mezani kwa mtumishi wa mapokezi. Wengi wa wanaokuja kuulizia, hasa mwezi wa Mei, ni wazee ambao hawatagusa kompyuta. Mtumishi atafute jina pamoja nao, afungue ukurasa, autoe kwa printa, na asitoze malipo kwa ukurasa wenye tangazo la ndugu wa mtu.